Tai wa Ukingo wa Theluji

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: ukifungiwa na mafuriko juu ya duka la mtu, mlango mmoja, dirisha moja la nondo, na katika watu watatu ulio nao mmoja anajua jinsi marehemu alivyokufa, utaanza kumuuliza nani?

Inspekta Adyero alianza na mlinzi, kwa sababu mlinzi ndiye aliyekuwa amelowa.

Mzee Uthman alikuwa amepanda ngazi huku kiti chake cha plastiki kikiwa kichwani, viatu vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni, na rungu lake limebanwa kwapani kama mwamvuli. Maji yalimtiririka kutoka magotini kwenda chini. Alikiweka kiti, akakikalia, ndipo akaamkia.

“Mzee, maji yamefika wapi?” Adyero aliuliza.

“Afande, mlango ile ya chuma haifunguki tena. Maji inasukuma kutoka huko nje, mimi nasukuma kutoka ndani. Maji iko na nguvu kuliko mimi, na mimi nimekula tangu asubuhi muhogo peke yake. Ngazi nne imemezwa.”

“Ziko ngapi zote?”

“Kumi na moja. Nimefagia hiyo ngazi miaka sita, siwezi kusahau hesabu yake.”

Hapo palikuwa Nakivubo, Kampala, mwezi wa nne wa mwaka 1995, saa tisa ya mchana. Mvua ilikuwa imeanza saa saba kama mchezo, matone makubwa machache, watu wakacheka na kujifunika magazeti. Baada ya nusu saa mfereji ulitapika. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia barabarani yakiwa yamebeba ndala, mapapai, kreti za soda na kibanda kizima cha mshona viatu. Simu ya duka ilikatika baada ya kukoroma mara moja.

Duka lenyewe lilikuwa la Bwana Okinyi, Mjaluo wa Kisumu, muuza vipuri vya cherehani. Chini aliuza, juu aliweka akiba. Chumba cha juu kilijaa maboksi ya sindano, vibobini, mikanda ya ngozi na makopo ya mafuta, na harufu ya mafuta hayo ilishika kooni. Dirisha alilitia nondo nene baada ya wezi kumtembelea mara mbili. Katika kona kulikuwa na kabati la mbao, na ndani ya kabati ndimo mlimotunzwa madaftari ya chama chao, Jicho Kali, chama cha watu wa Kampala wanaopenda kutembea na kutazama ndege.

Madaftari hayo ndiyo yaliyomleta Adyero. Alikuwa amewaita wawili waliobaki wa safari ya mlimani iliyomuua mwenzao, Okinyi na muuguzi Nafuna, wamkabidhi daftari la mlimani na wajibu maswali machache. Bosi wake alimwambia asubuhi, bila kuinua macho, “Lichukue, liambatishe, funga faili. Kesho saa tatu tunampeleka mtu wetu mahakamani.”

Mtu wao alikuwa Masereka, kijana wa Kikonzo aliyeongoza wageni mlimani Rwenzori. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, mvua za masika zikianza tu na ndege wakijenga viota, aliwaongoza Obura, Okinyi na Nafuna siku nne katika matope na misitu ya ukungu, hadi kwenye kibanda kilicho chini ya theluji. Asubuhi ya siku ya tano Obura, mpiga picha mwenye studio yake Ntinda, alikutwa amekufa ndani ya ufa, ukingoni mwa theluji. Hakuwa na koti. Koti lake alikuwa amelivaa Masereka.

Kwa polisi wa kule hilo lilitosha, wakamkamata na kumleta Kampala. Masereka alikuwa na siku kumi na tisa akilala kwenye saruji. Akisomewa shtaka la mauaji kesho, hakuna dhamana. Atakwenda gerezani kungoja zamu yake, na zamu za kesi kama hizo huenda polepole kuliko konokono aliyebeba mzigo. Adyero alikuwa amemhoji mara nne. Mara zote nne alisema maneno yale yale: “Bwana Obura alinivika koti, akaniambia nishuke kambi ya chini niwafuate wapagazi. Yeye na Bwana Okinyi wakapanda.” Waongo wengi aliowahoji Adyero hadithi zao zilikuwa zikinenepa kila wakirudia. Ya huyu haikuongezeka hata nyama moja.

Lakini Okinyi aliapa kwamba hakupanda.

“Sasa tufanyeje, afande?” Okinyi alisema. Alikuwa mtu mnene kidogo, nadhifu, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni, na tangu maji yaanze alikuwa hakai. Alitembea kutoka kabatini hadi dirishani, akashika nondo, akarudi. “Tutakufa kama panya hapa.”

“Panya anaogelea,” Mzee Uthman alimjibu. “Kaa chini, bwana mkubwa. Unatembea-tembea mpaka mbao inalia.”

Adyero alivuta boksi la sindano, akakaa, akafungua kitabu chake magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini alikozaliwa, baba yake akiwa askari kutoka Gulu. Hakikuwa na mapambo. “Kwa kuwa hakuna anayetoka, tufanye kazi. Dada Nafuna, wewe kwanza.”

Nafuna alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia, mkoba mapajani. Alifanya kazi zahanati moja ya Kyebando, na ndiye aliyekuwa karani wa chama.

“Asubuhi ile ulikuwa wapi?”

“Kitandani, afande. Mlima ulikuwa umenishika kichwa. Nilitapika usiku kucha. Nilipozinduka ilikuwa saa nne.”

“Ukaona nini?”

“Ukungu mlangoni, hata kijito hakionekani. Moto umewashwa. Ndugu Okinyi ameketi anaota moto.”

“Amevaa nini?”

Nafuna alifikiri. “Blanketi. Soksi zake zilikuwa juu ya moto, zinafuka moshi.”

“Kila mtu kule soksi zake zimelowa!” Okinyi aliruka. “Ule mlima ni matope toka chini mpaka juu. Ukitoka kukojoa tu umelowa.”

“Ni kweli, afande,” Nafuna alisema. “Kule kukauka ndiko kwa ajabu.”

Adyero aliandika *soksi*, kisha akalipigia mstari kulifuta. “Koti sasa. Mtu mwenye akili anavuaje koti alfajiri kwenye theluji?”

“Obura?” Nafuna alishangaa, kama aliyeulizwa kwa nini samaki halali kitandani. “Obura hakuwahi kutazama ndege na lile koti hata siku moja. Ni la nailoni. Ukiinua mkono linalia *kwachu*, ukigeuka *kwachu*, na ndege anakusikia kabla hujamwona. Njiani alilivaa. Tukikaribia mahali pa kutazama anavua, anabaki na sweta mbili za sufu. Alikuwa akimfukuza mtu chamani kwa sababu ya koti la kulia.”

“Na akilivua humpa nani?”

“Aliye karibu. Huyo kijana Masereka alikuwa na shati na fulana tu, afande. Mtu angeweza kumpa nani mwingine?”

“Haya hukuyasema kule?”

“Waliniuliza koti ni la nani. Nikasema la Obura. Hawakuniuliza ni la kitambaa gani.”

Chini, kitu kizito kiligonga mlango wa chuma, kikagonga tena. Mzee Uthman alikwenda kuchungulia ngazini, akarudi.

“Sita,” alisema.

Adyero alimgeukia Okinyi. “Bwana Okinyi. Nieleze asubuhi yako, kidogo kidogo.”

“Nimekwisha andika maelezo.”

“Nimeyasoma. Nataka kuyasikia.”

Okinyi alisimama wima kama mtoto wa shule. Aliamka saa kumi na moja na nusu. Obura alitaka kwenda ukingo wa theluji na Masereka. Yeye goti lilimuuma, akabaki. Aliketi kwenye jiwe la mlangoni na darubini yake mpaka saa nne.

“Uliona ndege gani?”

“Ndege gani, na ukungu ule? Sikuona hata shomoro. Kibanda kiko shimoni, afande, kuta za mlima pande zote. Ukungu ukiingia humo ni kama uji kwenye kikombe.”

“Masaa manne na nusu hukuona ndege hata mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Pole,” Adyero alisema, na akaandika hivyo hivyo.

Ushahidi wa kumwonyesha mtu alipokuwa haukuwapo. Alikuwa na neno la kijana asiye na viatu dhidi ya neno la mwenye duka, na koti ambalo sasa halikumfunga mtu lakini pia halikumfungua. Adyero alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya vielelezo, na ndani yake akatoa kidaftari kidogo chenye jalada jeusi, kimeviringishwa katika mfuko wa maziwa.

“Hiki kilikuwa mfukoni mwa suruali ya marehemu. Nimekisoma mara tatu. Ndege watupu. Hakuna jina la mtu.”

“Hatuandiki watu,” Nafuna alisema. Macho yake yalikwama kwenye jalada. “Ni sheria. Ndege, idadi, mahali, saa, anafanya nini. Basi.”

“Na mkimaliza siku?”

“Jioni tunasoma. Mmoja anasoma orodha, ndege kwa ndege, wengine wanasikiliza. Kama ulimwona unaitika ‘nimeona.’ Kama kuna kosa unasahihisha, na karani anaandika kwa penseli kwenye daftari kubwa. Tunasoma kila siku, hata mvua, hata mtu akiwa mgonjwa.” Sauti yake ilishuka. “Siku hiyo moja ndiyo haikusomwa.”

“Basi tuisome,” Adyero alisema.

“Sasa hivi?” Okinyi alicheka kicheko kifupi. “Watu wanazama, ninyi mnasoma ndege?”

“Una pa kwenda?”

Okinyi aliondoka kwenda dirishani, akawapa mgongo, akashika nondo mbili kwa mikono miwili na kutazama paa la kibanda likipita polepole barabarani. Nafuna alilitoa daftari kubwa kabatini, akalifungua kwenye ukurasa mweupe, akachonga penseli kwa wembe. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, kwa mazoea. Mzee Uthman alizima kwa heshima redio ndogo ya mfukoni mwake, ingawa hakujua ni heshima ya nini.

Adyero alisoma polepole, kama aliyemaliza darasa la saba jana.

“Siku ya tano. Saa kumi na mbili na nusu, njia ya juu. Kwenzi, saba, wanaruka.”

“Kwenzi, saba,” Nafuna alirudia, akiandika.

“Chozi wa kijani mkia mrefu, watatu, kwenye ua la lobelia.”

“Chozi, watatu.”

“Kunguru shingo nyeupe, mmoja, anapita.”

“Kunguru, mmoja.”

Mvua ilipiga mabati. Adyero aligeuza ukurasa, akalowesha kidole.

“Saa moja na dakika kumi, ukingo wa theluji. Tai mweusi, mmoja.”

“Wawili,” Okinyi alisema.

Hakugeuka. Alisema hivyo hivyo akiwa ametazama maji, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mke chumvi. Na Nafuna, kwa mazoea yale yale ya miaka, bila kuinua kichwa, akauliza swali la karani: “Wapi?”

“Jike juu ya mwamba, ana pimbi kwenye kucha. Dume linapita chini yetu, mgongo wote wazi, lile baka jeupe limefunguka hivi.” Aliachia nondo moja, akachora hewani kwa vidole viwili.

Penseli ilisimama.

“Chini yenu?” Nafuna aliuliza.

Mkono wa Okinyi ulibaki hewani. Kisha ukarudi kwenye nondo, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Adyero alikinyoosha kidaftari kumpa Nafuna, kidole chake kikiwa chini ya mstari. “Soma wewe.”

“Tai mweusi,” Nafuna alisoma, “wawili.”

“Aliandika wawili. Mimi ndiye niliyesema mmoja.”

“Tai mweusi hutembea wawili wawili!” Okinyi aligeuka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. “Kila mwanachama anajua. Muulize huyo! Ukisikia mmoja, unajua ni wawili. Nimekisia tu.”

“Dada, mstari unaofuata.”

“‘Jike juu ya mwamba,’” Nafuna alisoma. “‘Ana pimbi.’”

“Hata pimbi umekisia?” Adyero aliuliza. “Kidaftari hiki kilitoka kwenye suruali ya maiti kikaingia kwenye bahasha, bahasha ikatiwa lakiri. Niliifungua mimi, wiki iliyopita. Hukupata kukisoma, Bwana Okinyi. Na kibanda kiko shimoni, umeniambia mwenyewe. Mtu aliye shimoni haoni mgongo wa tai.”

Okinyi alitazama mlango. Wote waliona anavyoutazama. Alivuka chumba kwa hatua nne, akaukumba, akaanza kushuka ngazi. Wakasikia kiatu kimoja kikipiga ubao, cha pili kikipiga maji.

“Bwana mkubwa, unaenda kununua mkate?” Mzee Uthman alimwita bila kuinuka. “Rudi, utazama na hiyo tai ya shingo yako. Ngazi nane sasa.”

Okinyi alikaa huko chini kwa muda wa kuhesabu hamsini. Kisha akapanda, maji hadi mapajani, akakaa juu ya kopo la mafuta. Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Alizitoa zile kalamu mbili mfukoni, akazifuta, akazirudisha.

Adyero alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, saa na mahali. “Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema nitaliandika, na linaweza kusomwa mahakamani. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Mzee Uthman ni shahidi wa kusikia. Mzee, umesikia?”

“Masikio iko kavu, afande. Sikia yote.”

Okinyi alisema. Goti halikumuuma. Walipanda wawili, kama Masereka alivyosema. Ukungu wa bondeni waliuacha chini ya miguu yao, jua likapiga theluji mpaka macho yakauma. Obura aliwaona tai kwanza. Baadaye wakaachana hatua kama thelathini, mwamba ukiwa katikati yao, kila mtu na upande wake. Ndipo Okinyi alipomwona tumbusi mwenye ndevu, ndege ambaye hakuna mwanachama aliyewahi kumwandika, anazunguka juu ya barafu, peke yake.

“Nikasikia filimbi,” alisema. “Kule hatupigi kelele. Filimbi mara mbili maana yake njoo, nimeona. Ikapigwa mara mbili. Nikasema moyoni, tayari, amekwisha mpata mwingine. Sikugeuka. Ikapigwa tena. Nikasema, aache apige. Nilikaa na ndege wangu mpaka akavuka barafu. Labda robo saa. Filimbi ilikuwa imenyamaza.”

“Ukaenda.”

“Nikaenda. Theluji ya ukingo ilikuwa imevunjika. Alikuwa chini, amebanwa na mwamba kifuani, filimbi iko kwenye midomo. Alikuwa bado wa moto, afande. Mtu aliyebanwa kifua hawezi kuita jina. Anaweza kupuliza tu.”

Nafuna alijifunika uso kwa khanga.

“Nilishuka. Nilitaka kusema. Wapagazi wakamkuta, wakaona lile koti mwilini mwa Masereka, kabla sijafungua mdomo. Siku ya kwanza nikanyamaza kwa woga. Siku ya pili nikaona kunyamaza kwangu kumekwisha kuwa maelezo.”

“Masereka ana mke na mtoto mchanga,” Nafuna alisema nyuma ya khanga. “Ulijua? Alituambia njiani. Uliyajua hayo, ukarudi kuuza sindano?”

“Nilijua.”

Adyero alimsomea yote, neno kwa neno. Okinyi alisahihisha mahali pamoja: hatua hazikuwa thelathini, zilikuwa ishirini na nane. Akatia sahihi. Mzee Uthman hakujua kuandika. Alipaka gumba lake wino wa bomba la kalamu, akalikandamiza chini ya ukurasa, kisha akalitazama kwa kuridhika.

“Ukurasa huu utakuwa mezani kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa tatu kesho,” Adyero alisema. “Hata nikiogelea. Kijana atatoka.”

Alikuwa bado hajafunga kitabu. Kulikuwa na mstari mmoja aliouacha wazi katikati ya maelezo, kwa sababu maelezo yenye tundu hurudishwa, na wakili yeyote angetia kidole hapo hapo.

“Hapa panahitaji jibu. Filimbi ilipigwa mara ngapi?”

“Nne. Mbili, halafu mbili.”

“Rafiki yako wa miaka mingapi?”

“Kumi na saba.”

“Anakuita mara nne, hatua ishirini na nane. Kwa nini hukugeuka?”

Okinyi alitazama mikono yake. Maji yalisikika yakilamba ngazi ya tisa.

“Miaka kumi na saba anaona yeye,” alisema mwishowe. “Anapuliza, mimi nakimbia. Nafika nahema, nasimama nyuma ya bega lake, namuuliza, ‘Yuko wapi?’ Ananionyesha kwa kidole. Ndege wangu wote, afande, daftari zima lile, ni wa kidole chake.” Akanyoosha kidole chake mwenyewe hewani. “Siku ile nilikuwa na wangu. Nilitaka mara moja tu aache kuniita, aje yeye. Nilitaka Obura asimame nyuma ya bega langu, aniulize, ‘Okinyi, yuko wapi?’”